Kutoka Kimuli Hadi Ihembe Kutafuta Chai ya Saa Nne

Tuliondoka Kimuli kwa sababu ya mkate. Nasema mapema kwa sababu najua hapo centa mmeshatunga habari zenu: eti nilikuwa napelekwa Ihembe kuolewa, eti bibi yangu, Kaaka, alikuwa anapelekwa kwa mganga. Hapana. Ni mkate. Mkate wa ndizi mbivu, ule ninaouoka kwenye pipa nyuma ya jiko la Mama, ambao wengi wenu mmeula mkajifuta midomo halafu mkaniambia, "Koku, huu si chakula cha watu wazima." Mkaongeza kipande cha pili. Cha tatu. Bado si chakula.

Nilikuwa nataka chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile kinachotazama barabara. Niweke meza mbili, mabenchi, chai ya maziwa, mkate wangu, katogo ya ndizi na maharage asubuhi, ili watu wakitoka shambani saa nne wawe na pa kukaa. Baba yangu, Mzee Kaiza, ambaye sisi tunamwita Taata, alikuwa anataka chumba hicho hicho aweke magunia ya kahawa. Lakini kahawa ilikuwa kisingizio tu. Sababu yenyewe aliitoa siku moja uani, amesimama, mikono nyuma.

"Chakula hakiuzwi katika nyumba hii. Anayepita na njaa anaingia, anakula, anakwenda. Baba yangu alifanya hivyo. Ukianza kuuza chakula, utamtazama mtu mfukoni kabla hujamtazama usoni."

Nikamjibu, "Na ukigawa bure kwa wote, Taata, utawatazama migongoni wakiondoka, sufuria tupu mkononi."

Mama akakohoa. Kukohoa kwa Mama maana yake ni "nyamaza binti yangu, lakini umesema vizuri."

Aliyetuokoa ni Kaaka, mama yake Taata, mwenye meno mawili na maneno elfu. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema bila kuinua macho, "Kaiza, wewe umewahi kula hotelini?"

"Sijawahi, Mama."

"Basi unakataa usichokionja. Hata mtoto mchanga anaonja kwanza, ndipo anatema."

Ilitokea kwamba wiki ile ile tulikuwa na safari. Shangazi, mdogo wake Taata, alikuwa amehamia nyumba mpya huko Ihembe, na ndugu hawezi kuhamia nyumba mpya msiende kuiona. Taata akaona hapo hapo pa kunimaliza. Akasema mbele yetu wote, "Sawa. Kutoka hapa mpaka Ihembe, kwenda na kurudi, nitafutie mahali pamoja ambapo mtu amelipia chakula chake na bado akaheshimiwa kama mgeni. Pamoja tu. Ukipapata, chumba ni chako. Ukikosa, lile pipa unalitoa kwangu, na sitaki kusikia tena habari ya mkate."

"Pamoja tu?"

"Pamoja tu."

Nikampa mkono kabla hajabadilisha mawazo. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hesabu ya moja naijua.

Siku ya safari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulipakia pikapu ya Taata, ile anayobebea kahawa. Mikungu mitatu ya ndizi, ndoo ya maharage, mbuzi hapana, kwa sababu mbuzi alikataa. Alikataa kweli, alilala chini kama mgomo wa wafanyakazi, Taata akamwacha. Kaaka akakaa mbele na Taata. Mimi na Mama tukakaa nyuma juu ya mikungu. Kama hujawahi kukalia mkungu wa ndizi kwenye barabara ya vumbi, usinisimulie habari za mateso.

Taata hakunywa chai nyumbani siku hiyo. Alisema hataki nije kudai baadaye kwamba alikuwa ameshiba. Mwanaume wa haki.

Saa nne kasoro tulifika Omurushaka, pale njia zinapokutana na magari ya kila upande yanapumzika. Nikagonga paa la pikapu. Taata akasimama mbele ya mgahawa mmoja wenye viti vya plastiki vyekundu na televisheni iliyokuwa inapiga kelele kuliko watu. Harufu ya chapati ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nikajiambia, Koku, umeshashinda, safari imekwisha, tugeuze.

Tukakaa. Tukakaa tena, maana tulikaa muda mrefu mpaka ikawa kama kukaa mara mbili. Halafu akaja dada mmoja na simu mkononi, macho kwenye simu.

"Mnatumia nini?"

Taata akamwangalia. Akageuka nyuma kuona kama anaongea na mtu mwingine.

"Kuna supu, chapati, maandazi, chai ya rangi, chai ya maziwa. Mnatumia nini?"

"Binti," Taata akasema taratibu, "hujambo?"

"Sijambo. Supu au chai?"

Mimi nikaagiza haraka haraka kabla mambo hayajaharibika. Chapati zikaja, laini, zimekunjwa vizuri. Kaaka akala mbili, akachovya kwenye chai mpaka zikawa uji. Supu ilikuwa na pilipili ya kutosha, Mama akatokwa jasho akafurahi. Taata hakugusa kitu. Alikunja mikono kama anasikiliza kesi. Tulipomaliza alilipa, akapokea chenji iliyowekwa mezani juu ya maji ya supu, akatoka.

Nje akaniambia, "Nimeulizwa natumia nini. Mimi ni pikapu?"

"Chapati zilikuwa nzuri, Taata."

"Sijazikataa chapati. Waliokataliwa ni wazee wawili ambao hakuna aliyewaamkia shikamoo."

Nikapanda nyuma. Mama akaninong'oneza, "Kutoka hapa hadi Ihembe bado mbali." Huyo ndiye Mama. Hata akikutia moyo anakutia kwa kilomita.

Kayanga si mbali kutoka pale. Tuliingia watu wakiwa wamejaa madukani. Nilikuwa na hamu na Kayanga kwa sababu ya bekari. Nilikuwa nimesikia wana tanuri kubwa la kuingiza trei nyingi kwa pamoja, nami nilitaka kuliona kwa macho, kama wengine wanavyotaka kuona ziwa.

Bekari niliyoelekezwa ilikuwa na dirisha lenye nondo, na mikate imepangwa ndani kama mahabusu. Unanyoosha hela kati ya nondo, unapewa mkate kati ya nondo. Nikamwamkia kaka aliyekuwa ndani, nikamuuliza mkate wao wanauacha uumuke muda gani.

"Kwa nini unauliza?"

"Na mimi naoka."

"Unaoka wapi?"

"Kimuli."

"Nani amekutuma?"

"Tumbo langu."

Hakucheka. Akasema watu wa kupeleleza anawajua, akanipa mkate mmoja na kunionyesha njia kwa kidevu. Tanuri sikuliona. Nilisikia joto lake tu likitoka dirishani, nikalipungia mkono.

Wakati huo Kaaka alikuwa amechoka kusimama, akakaa kwenye ngazi ya bekari. Nikamkatia kipande. Akakitafuna kwa ufizi, akakiminya kwa vidole kikarudi kama sponji.

"Huu mkate," akasema, "unakubali kila unachoufanyia. Hauna msimamo."

Yule kaka akapiga kelele kutoka ndani, "Bibi, unaziba mlango!"

Hapo nilisahau mambo ya shindano. Nikasogea dirishani nikamwambia, "Huyu ni bibi wa watu, amekaa hapo kula mkate wako alionunuliwa. Ungekuwa na akili ungemletea kigoda, watu wapite waone kuna mtu wa umri ule anaula." Akafunga dirisha. Mimi nikaendelea kuongea na nondo.

Taata alikuwa amesimama kando ya pikapu akitabasamu. Tabasamu la Taata ni baya kuliko hasira yake. Alinyoosha vidole viwili. Mahali pawili, pote nimekosa.

Ndiyo maana nilipoona mama mmoja aliyevaa mtandio wa kijani akituita kutoka upande wa pili wa barabara, nilimwona kama malaika. Alikuwa na duka la vitambaa na mbele yake meza yenye vitumbua, sambusa na birika kubwa. "Mlete bibi akae huku!" alikuwa anaita. "Pana kivuli! Mwanangu, mshike mkono."

Anaitwa Bi Zuhura. Babu yake alikuja huku na biashara kutoka Tanga, na yeye amezaliwa Kayanga, anaongea Kinyambo kuliko mimi, lakini vitumbua vyake ni vya pwani kabisa, vina iliki, kingo zimekauka katikati laini. Alimpa Kaaka kiti chake mwenyewe. Akamwamkia Taata shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akamuuliza habari za nyumbani, mvua, kahawa, ng'ombe, kila kitu isipokuwa anatumia nini. Chai ya tangawizi ikaja. Taata akanywa! Nilimwona kwa macho yangu mawili, akala kitumbua, akala kingine. Mama akanibana ubavuni kwa kiwiko.

Kaaka akamuuliza Bi Zuhura anafanyaje mpaka katikati pawe laini hivyo. Bi Zuhura akaeleza, mchele unaloweka, unasaga, unaacha usiku, usikoroge ovyo. Mimi nikakariri kila neno. Nikamweleza na mimi habari ya mkate wa ndizi mbivu na pipa, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mwenzake wa kazi, si kama mtu anayesikiliza mtoto. Akaniambia, "Moto wa juu ndio unaokusumbua. Weka makaa juu ya mfuniko, usitegemee ya chini peke yake."

Basi wakati wa kuondoka nikamwangalia Taata. Taata akaingiza mkono mfukoni. Bi Zuhura akaruka kama kaungua.

"Mzee wangu, hapana! Nimtoze bibi huyu? Nitalala vipi? Nendeni, Mungu awafikishe."

"Bi Zuhura," nikasema, nikiwa karibu kulia, "mtoze. Nakuomba. Mtoze tu."

"Wewe binti una nini?"

"Mtoze hata kidogo!"

Akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Hakuelewa. Taata akamshukuru sana, kwa maneno marefu ya Kinyambo, akarudi kwenye pikapu akipiga mluzi. Akafungua mlango, akaniambia, "Kule Omurushaka tulilipa, hatukuheshimiwa. Hapa tumeheshimiwa, hatukulipa. Unaona, mwanangu? Vitu hivi viwili havikai chungu kimoja."

Saa tisa alasiri tuliingia Ihembe. Nyumba ya Shangazi ni nzuri, ya matofali, ina mabati mapya yanayong'aa mpaka kuku wanakwepa. Kulikuwa na ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye majani, nyama, maharage, na vigelegele. Taata akala kwa nguvu zote akinitazama mimi, kana kwamba kila tonge ni hoja. "Hiki," alisema, "ndicho chakula. Hakuna aliyekinunua."

Shangazi, aliyekwisha kusimuliwa kila kitu na Mama, akasema, "Kaka, nyama imenunuliwa."

"Nanena habari ya mgeni, sineni habari ya bucha."

Kesho yake asubuhi nilioka mkate kwenye sufuria ya Shangazi, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, kama Bi Zuhura alivyosema. Ukapanda, ukawa wa rangi ya ng'ombe mwekundu. Shangazi na Mama walikula, Kaaka akala ule laini wa katikati. Taata alikataa. Alisema anasubiri, bado kuna njia ya kurudi, isije ikasemwa nilimhonga. Nikamwambia sawa, na mimi nasubiri. Tulikuwa kama majogoo wawili wanaozungukana. Na kweli Shangazi alitupa jogoo, mkubwa, tukamfunga miguu, tukamweka nyuma karibu nami. Alinitazama safari nzima kama ananidai.

Saa nne na robo tukiwa Kanoni, migomba pande zote, niliona kipande cha bati kimepigiliwa kwenye mti wa mkaratusi. Kimeandikwa kwa chaki: CHAI NA KATOGO IPO. Nikagonga paa. Taata akasimama. Alikisoma kibao, nilimwona akikisoma, midomo ilikuwa inatembea. Kumbukeni hilo.

Palikuwa na banda la wazi, limeezekwa bati, limefagiliwa mpaka ardhi ina mistari ya ufagio. Benchi mbili. Kwenye benchi moja alikaa mfuga ng'ombe mwenye kofia pana, fimbo yake imeegemea goti. Mwenye banda ni mama wa makamo, mnene kidogo, anaitwa Ma Adela. Alipoona Kaaka anashuka alikuja mbio mpaka kwenye pikapu, akapiga magoti hapo vumbini, akamwamkia kwa Kinyambo, akamshika mikono yote miwili. Halafu Taata. Halafu Mama. Mimi mwisho, inavyotakiwa.

Alileta jagi na beseni, akatunawisha mmoja mmoja. Akauliza tunatoka wapi, ni wa ukoo gani. Taata akataja. Ma Adela akapiga kofi. "Waitu! Mama yangu mzazi ni wa kwenu!" Basi hapo ikawa ni kupanda na kushuka, nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, yule aliyekuwa na jicho moja alikuwa wa huku au wa kule. Katogo ikaja kwenye sinia, ndizi na maharage na utumbo, mvuke unapanda, jani la mgomba juu yake. Hakutuuliza tunataka nini. Alimwangalia Kaaka mdomoni mara moja tu, akarudi jikoni, akaja na kibakuli cha ndizi alizoziponda kwa maziwa. Kaaka akakikwangua kibakuli mpaka mwisho.

Taata alikula. Nataka niliseme vizuri hili: alikula mpaka akalegeza mkanda. Alisimulia habari ya fahali wake aliyemshinda fahali wa jirani, na mfuga ng'ombe naye akasimulia wa kwake, na kila mmoja fahali wake akawa mkubwa kadiri chai ilivyopungua. Mwishoni Ma Adela alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akakishika kwa mikono miwili. Taata akachukua punje, akatafuna, akainuka, akasema maneno ya baraka kwa nyumba ile, kwa watoto, kwa ng'ombe hata wasiokuwepo. Ma Adela akamfungia Kaaka ndizi zilizopondwa kwenye jani. Tukapanda pikapu. Akatupungia mikono mpaka tukapotea kwenye kona.

Tulikwenda kama mlima mmoja hivi. Taata alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, dirisha wazi. Nikamsikia akimwambia Kaaka, "Yule mwanamke anajua kupokea mtu."

Nikainama kutoka nyuma mpaka kichwa kikafika dirishani kwake. "Taata. Umelipa?"

Wimbo ukakatika.

"Nilipe nini?"

"Katogo."

Pikapu ikapunguza mwendo yenyewe. Mama akasema, "Mimi nilidhani amelipa." Mimi nilidhani Mama amelipa. Pale bandani nilikuwa nimeona kopo juu ya nguzo, na mtu mmoja aliyeingia kunywa chai, alipoondoka kabla yetu, alitumbukiza hela bila kelele, bila kuombwa. Nilidhani Taata naye ameliona.

"Pale palikuwa nyumbani kwa mtu," Taata akasema. "Ni ndugu zetu wale."

"Palikuwa na kibao. Ulikisoma, midomo ilikuwa inatembea."

"Nilikisoma, nikakisahau."

"Ulisahau kwa sababu uliheshimiwa mpaka ukajiona uko kwenu. Taata, geuza gari, tukalipe."

Hapo ndipo alipoelewa, na mimi nikaona jinsi anavyoelewa, shingo ilikuwa inabadilika rangi. Akirudi kulipa, basi amepata mahali ambapo mtu analipa na bado anakuwa mgeni. Chumba ni changu. Asiporudi, Mzee Kaiza wa Kimuli amekula kwa watu akakimbia. Alikanyaga mafuta.

"Nitamtumia kwa mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Kaa chini Koku, utaanguka."

Kilima kilikuwa kikali, na pikapu ile kwenye kilima ni mzee mwenye pumu. Nilimwambia Mama, "Nishikie kanga." Nikashuka. Sikuruka, nilishuka tu kama mtu anayeshuka kitandani. Nikageuka, nikaanza kutembea kurudi Kanoni.

Nilisikia breki. Nikasikia gia ya nyuma inalia. Pikapu ikaja kando yangu kinyumenyume, Taata kichwa nje.

"Unakwenda wapi?"

"Kulipia chakula cha baba yangu."

"Una hela gani wewe?"

"Nitaosha vyombo."

"Koku! Watu watasema nini wakikuona?"

"Wataniuliza. Nitawajibu. Unajua mimi sinyimi mtu habari."

"Panda gari!"

"Likigeuka nitapanda."

Tukaenda hivyo, mimi kwa miguu, yeye kinyumenyume, mwanamke mmoja mwenye jembe akasimama kutazama, akaweka jembe chini ili atazame vizuri. Kaaka ndiye aliyemaliza. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kaiza. Huyo mwanamke alinipondea ndizi."

Taata akageuza gari.

Ma Adela alipotuona tena alidhani tumesahau kitu. Mfuga ng'ombe bado alikuwa pale. Taata alishuka, akazunguka nyuma, na mimi nikadhani anatafuta hela. Kumbe anamfungua jogoo. Ujanja! Akamshika miguu, akampeleka kwa mikono miwili. "Ma Adela, tumesahau kukuachia zawadi. Mgeni haendi kwa ndugu mikono mitupu."

Nikafungua mdomo. Mama akanishika mkono. "Subiri," akasema.

Ma Adela akampokea jogoo, akapiga goti, akashukuru sana, akamsifu kucha, akamsifu mkia. Akamfunga kwenye nguzo. Halafu akasimama, akajifuta mikono, akasema kwa upole ule ule, "Na katogo, mzee wangu, kopo liko pale juu."

Jogoo akawika.

"Mimi napokea watu kila siku," Ma Adela akaendelea. "Nikipokea bure, kesho sina cha kupokelea. Na zawadi yako sitairudisha, nimeipenda."

Taata akatazama lile kopo. Nadhani lilikuwa mbali kwake kuliko Ihembe. Mfuga ng'ombe akasema kutoka benchini, "Tumbukiza tu, mzee. Haling'ati."

Taata akatumbukiza. Nilisikia mlio wake, na sitausahau. Akabaki amesimama pale, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Lakini Ma Adela akaja akamshika mkono kwa mikono yote miwili kama mwanzo, akasema, "Asante, mgeni wangu. Mkipita tena msinipite." Akamwongezea kahawa ya kutafuna.



Tulifika Kimuli jioni. Siku ya tatu nilisikia magunia yanaburutwa. Alikuwa anayatoa mwenyewe chumba cha mbele, anayapeleka stoo, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza akaniita.

"Mlango wa mbele ni wako," akasema. "Mlango wa nyuma ni wangu. Atakayepita nyuma ni mgeni wa nyumba hii, anakula, halipi. Siwezi kuacha hilo, Koku. Usiniombe niliache."

"Sikuombi, Taata."

Asubuhi ya kwanza, saa nne mkate ulikuwa umetoka, makaa juu makaa chini, harufu imefika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Mkaja watu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja mkapita nyuma. Niliwahesabu kupitia dirishani. Mliinamisha vichwa kama mnakwepa kamba ya nguo.

Taata akawapokea kama alivyoahidi. Akawapa ebitoke vya Mama mpaka sufuria ikaanza kukwanguliwa. Halafu akaja kwangu, amesimama mlangoni.

"Wageni wangu wanataka mkate."

"Mkate uko mbele, Taata."

"Ni wageni, mwanangu."

"Ni wa kwako. Wakija kwangu nitawanawisha mikono, nitawauliza hali zao, na za wazee wao. Lakini wazunguke."

Akanitazama muda mrefu. Nami nikamtazama. Nilikuwa nimeshikilia kisu cha mkate, nikakata kipande kingine. Akageuka, akaenda uani, na kwa masikio yangu nikamsikia Mzee Kaiza akiwaambia, "Mkate uko mbele. Zungukeni."

Wanne walizunguka. Saba walikwenda zao.

Nilichojifunza kwenye safari ile ni hiki: chakula kinauzwa, salamu haiuzwi, na mtu anaweza kuvipata vyote kwenye benchi moja, nimeona kwa macho yangu Kanoni. Nyinyi saba nawajua kwa majina. Ebitoke vya Taata bado vipo, leo, kesho, kila siku, kuleni mshibe, hakuna atakayewadai. Lakini msinipigie hodi dirishani kuniomba kipande cha kuonja. Mlango ni ule, mpana, umetazama barabara, na mimi nimesimama hapo tangu asubuhi.